Jivu Chini ya Winchi

Inspekta Roza Amondi alikuwa na tabia iliyowachosha wenzake kituoni. Akifika mahali palipoibwa kitu, hakuuliza kwanza nani kaiba. Aliuliza kitu chenyewe kilikuwa na kazi gani. "Ukijua kazi ya kitu," alizoea kusema, "utamjua anayekihitaji." Wenzake walimwitikia vizuri tu, kisha wakaenda kumkamata mwenye ufunguo.

Ndivyo ilivyokuwa safari hii. Alikuwa likizo kwao Shirati, akila samaki wa mama yake na kulala mchana bila aibu, na aliporudi Mwanza Alhamisi asubuhi akakuta kesi imeshapikwa na kupakuliwa. Ukumbi wa Mawe, lile jumba kongwe la maonyesho, ulikuwa umeibiwa mpini wa winchi inayoinua pazia la jukwaa. Fundi wa ukumbi, mtu aitwaye Obedi, alikuwa mahabusu tangu jana. Ufunguo alikuwa nao, na mnunuzi mmoja wa chuma chakavu kule Igoma alikiri kwamba Ijumaa iliyopita Obedi alimuuzia chuma. Kesho asubuhi angepandishwa kizimbani.

"Imeisha hii, afande," alisema Koplo Nkwabi, Msukuma wa makamo mwenye kitambi cha amani, huku akizungusha funguo za gari kidoleni.

"Mpini umepatikana?"

"Bado."

"Basi haijaisha. Nitolee huyo Obedi kwanza."

Obedi aliletwa akiwa peku. Alikuwa mtu mwembamba wa Ukerewe, mwenye viganja vipana kuliko mwili uliovibeba. Aliketi kwenye ukingo wa kiti kana kwamba kiti hicho kilikuwa cha mtu mwingine aliyekuwa njiani kurudi.

"Ijumaa uliuza chuma Igoma?"

"Niliuza, afande."

"Chuma gani?"

"Changu."

"Kwa sababu gani?"

Inspekta akangoja. Obedi akatazama vidole vyake vya miguu.

"Jumamosi na Jumapili ulikuwa wapi?"

"Usagara, msibani. Mzee Masalu, bwana wangu wa kazi, tulimzika Jumatano ile nyingine. Nilikaa mpaka matanga yakaanuliwa Jumapili. Jioni nikarudi mjini."

"Nani wa kushuhudia?"

"Msiba mzima. Lakini afande, nakuomba." Hapo ndipo alipoinua macho. "Msiende kumuuliza mama. Mjane, namaanisha. Amemzika mumewe juzi tu. Nisije nikawa mimi wa kumpelekea habari za polisi."

"Hata kama yeye ndiye wa kukutoa hapa?"

"Hata hivyo," alisema Obedi.

Inspekta Amondi alikuwa amewahi kuhoji wezi wengi, na wengi wao walimtaja mama, mjane na hata bibi aliyekufa zamani ili wahurumiwe. Huyu alikuwa wa kwanza kuomba mama asitajwe. Hakuandika kitu. Alimwambia Nkwabi awashe gari.

Ukumbi wa Mawe ulikuwa mlimani, juu ya barabara ya kwenda Kirumba, ukilitazama ziwa. Mfanyabiashara mmoja wa pamba aliujenga enzi za Mwingereza, na kwa kuwa mawe ya Mwanza hayahamishwi na mtu, jabali moja kubwa akaliacha liwe ukuta wa nyuma ya jukwaa. Watu walichezea pale ngoma, tamthilia na kwaya za mashindano, wakatazama sinema za kimya na za kelele. Kisha jumba likaanza kutangatanga kama mtu aliyekosa ajira: likawa ghala la mahindi, likawa kanisa, likawa makazi ya popo. Sasa lilikuwa na meneja.

Meneja huyo, Teodora Kokushubila, alikuwa mama wa Kihaya mwenye miwani na viatu vya kupandia ngazi. Aliwapokea mlangoni na uso wa mtu asiyelala.

"Karibuni. Hiki mnachokanyaga ni sakafu ya zamani, mtembee tu, imezoea."

Inspekta akauliza swali lake la siku zote. "Huo mpini ulikuwa na kazi gani?"

Teodora akawapeleka pembeni mwa jukwaa, chini ya jabali, kulikokuwa na winchi ya chuma iliyofungwa sakafuni. Kamba nene za katani zilipanda kutoka kwenye pipa lake hadi gizani juu. "Pazia letu ni zito. Unachomeka mpini hapa, unazungusha, linapanda. Mpini wenyewe ni chuma, mshiko wake ni mti wa mninga uliolika kwa kiganja cha Mzee Masalu. Jumamosi inakuja kamati ya majengo ya kale kutukagua. Tukifaulu, jumba linalindwa kisheria. Tukishindwa, kuna watu wanalitaka liwe godauni."

"Si mchonge mwingine? Nyakato mafundi wamejaa."

"Nimeshaagiza. Mpini mpya utainua pazia, Inspekta. Hautamtoa Obedi mahabusu." Alivua miwani akaifuta bila sababu. "Mimi ndiye niliyepiga simu polisi. Nilitaka mpini, nikaletewa pingu. Unajua kazi hii ina chuo? Ya kwangu ipo kidogo, ya kuandika ripoti na kubembeleza wafadhili. Ya Masalu haina. Ni kumfuata mtu mpaka mkono wako uanze kufanya kama wake. Obedi alifunga karakana yake ya vitanda, akamfuata yule mzee miaka yote hiyo. Jumamosi nilikuwa nimtangaze mbele ya kamati kuwa msimamizi wa jukwaa."

"Na akipelekwa mahakamani kesho?"

"Hata akishinda, ameshaharibikiwa. Kazi yetu ni ya kuaminiwa. Mtu unalala na vitu ambavyo vikipotea havinunuliki dukani. Nani atamkabidhi jumba mtu aliyewahi kushtakiwa kwa kuuza vipande vyake?"

Inspekta Amondi akavaa glavu, akachuchumaa mbele ya winchi. Hapo alikuwa na raha zake. Wengine hupenda mpira, yeye alipenda kuchuchumaa.

Sakafu nzima ilikuwa imetapakaa vijidudu vikavu, vidogo, kama majani ya chai yaliyomwagika. Hakuhitaji kuelezwa. Ni wale wadudu wanaotoka ziwani kama moshi, wakiingia nyumbani wanajaa hata kwenye uji.

"Hawa waliingia lini?"

"Jumamosi jioni," Teodora akajibu. "Nilikuwa nimeacha madirisha wazi rangi ikauke. Jumatatu nilitaka kufagia, nikakuta mpini hakuna, na polisi wakasema tusiguse kitu."

"Wamefanya jambo jema bila kukusudia. Nkwabi, sogea. Tazama meno ya winchi."

Nkwabi akainama kadiri kitambi kilivyomruhusu. Grisi ya kwenye meno ilikuwa imenasa wadudu hadi ikageuka nyeusi.

"Sasa tazama hapa mpini unapochomekwa."

Ncha ile ya chuma ilikuwa imepakwa grisi vizuri, nati yake imerudishwa mahali pake na kukazwa kwa mkono. Ilikuwa safi. Hapakuwa na hata mdudu mmoja.

"Mpini ungetolewa Ijumaa," alisema Inspekta, "hapa pangekuwa peusi kama kwenye meno. Wadudu walipoingia Jumamosi mpini ulikuwa bado mahali pake. Aliyeutoa aliutoa baadaye."

"Basi chuma kilichouzwa Igoma Ijumaa..."

"Ni chuma kingine. Na jambo la pili. Umewahi kumwona mwizi wa chuma chakavu anayerudisha nati na kupaka grisi?"

Nkwabi akacheka. Lakini kicheko hakikufika mbali, kwa sababu jicho lake lilikuwa limetua chini ya winchi, upande wa jabali, na hapo hapo akarudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. "Afande, hicho usikiguse."

Kulikuwa na kichuguu cha jivu. Juu yake kilifunikwa kipande cha kibuyu kilichovunjika.

"Sajenti aliyekuja Jumatatu alikiona," Teodora akasema. "Alisema ni mambo ya kishirikina, akatoka haraka."

"Na hakukosea kutoka," alisema Nkwabi. "Jivu na kibuyu, nyuma ya jukwaa! Hizi timu za ngoma mnazoalika hapa, kila moja ina mganga wake. Mtu kaja kutega ili wenzake wasipate watazamaji."

"Inawezekana," Inspekta akasema, naye hakuwa akimdhihaki. Aliinua kibuyu kwa ncha za vidole, akakiweka kwenye mfuko wa vielelezo, kisha akachambua jivu taratibu kwa kalamu. Likatoka kaa dogo la kuni. Likatoka haragwe lililoungua. Ukatoka ukoko wa wali, na haragwe jingine.

"Mganga gani anatia maharage na ukoko?" akauliza. "Hapa ukumbini mnapikia kuni?"

"Tuna jagi la umeme la chai tu."

"Kuni nyingi, maharage, wali ulioshika chini ya sufuria kubwa. Nkwabi, ni wapi watu wanapika hivyo wiki hii?"

Koplo akajikuna kidevu. "Msibani," alisema taratibu.

Inspekta akasimama, magoti yakalia. "Mama Teodora, funguo za jumba hili ziko ngapi?"

"Wangu na wa Obedi."

"Na wa marehemu?"

Teodora akageuka akautazama mlango. Ilionekana wazi swali hilo lilishamjia usiku mmoja akalifukuza. "Wake alikuwa nao mwenyewe. Utakuwa nyumbani kwake Usagara. Sikupata moyo wa kwenda kumdai mjane ufunguo na kaburi la mumewe halijakauka."

"Mjane ameshaambiwa kwamba Obedi amekamatwa?"

"Nani amwambie? Mtu mwenye msiba haongezewi mzigo."

Inspekta alimtazama huyu mwanamke msomi, mkweli, mwenye huruma, akawaza kwamba huruma ikizidi nayo inaweza kumfunga mtu. Hakulisema. Alimwambia tu asiende mbali na simu.

Njiani walipitia Igoma, kwa sababu Inspekta hakuwa mtu wa kuacha uzi mmoja unaning'inia. Mnunuzi wa chuma chakavu aliitwa Okeyo. Alipomtambua Inspekta kuwa ni mtu wa kwao alimsalimu Kijaluo kwa shangwe kubwa. Shangwe ikapoa alipoona Nkwabi ana kalamu.

"Dada yangu, mimi nanunua, sipeleki watu jela. Waliniuliza kama Obedi aliniuzia chuma. Nikasema ndiyo."

"Chuma gani?"

"Hawakuuliza hilo."

"Mimi nakuuliza."

Okeyo akawapeleka nyuma ya mzani. Vilikuwa vyuma vya pembe, vimekatwa urefu mmoja, vingine vimeshachomelewa miguu. Hata mtoto angevitambua kuwa ni vitanda ambavyo havikumaliziwa.

"Ni masalia ya karakana yake ya zamani," alisema Okeyo. "Nilimwambia, Obedi, hivi si ulisema utaviuza vikiwa vitanda? Akasema ana haraka. Akavuka pale duka la nafaka, akapakiza gunia la mchele kwenye bodaboda, wakaelekea Usagara."

Nkwabi akaacha kuandika. Mwanamume aliyeuza vyuma vyake awalishe waombolezaji, kisha akakaa mahabusu bila kulitaja! Lakini ndivyo ilivyo. Cha msibani hakitangazwi. Mwenye kutangaza rambirambi yake amejipa mwenyewe.

"Ungeniambia hilo mapema," Inspekta alimwambia Okeyo.

"Ungekuja mapema," akajibu Okeyo, na hapo hakuwa na kosa.

Wakakata njia ya Kisesa, wakatokea Usagara jua likiwa limeanza kulegea. Nyumba ya marehemu Masalu ilikuwa nyuma kidogo ya njia panda, pamoja na mihogo na ng'ombe wawili waliofungwa. Turubai la msiba lilikuwa limeshateremshwa, ila mafiga makubwa matatu yalibaki uani, na kati yake jivu. Inspekta alilitazama lile jivu kama mtu anayemwona rafiki wa barua.

Mjane, Mama Kija, alikuwa ameketi mkekani na wanawake wawili wa ukoo, anachambua choroko.

"Shikamoo, mama. Poleni na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Karibuni."

Nkwabi akamsalimu Kisukuma, na kwa hilo wakapata viti. Inspekta akakikataa chake, akaketi mkekani, akavuta choroko kidogo mbele yake akaanza kuchambua. Alikuwa amepanga maneno tangu Kisesa: aanzie wapi, apite wapi, ufunguo autaje vipi bila kuumiza. Mama Kija hakumpa nafasi.

"Mnatoka mjini? Obedi hajambo?"

Mikono ya Inspekta ikasimama. "Kwa nini unamuulizia, mama?"

"Kwa sababu haji." Mama Kija alitupa kokoto uani kwa nguvu kuliko lilivyostahili. "Tangu Jumapili namngoja. Mume wangu alimlea kazini kama mtoto wa tumbo. Nikasema, huyo ndiye atakayekuja kukomboa. Jumatatu kimya. Jumanne kimya. Nikajua basi, kazi ya Masalu haitaki. Anataka kurudia vitanda vyake. Sikulala, mwanangu."

"Kukomboa nini, mama?"

"Mpini."

Nkwabi alikohoa. Inspekta akaweka choroko chini. "Mama, mpini anao nani?"

"Si mtani wetu, Yakobo! Mgogo yule mstaafu wa reli, anakaa Nyakato. Alikuwa hapa msiba wote akitusumbua. Jumapili, Obedi amekwenda kurudisha masufuria ya watu, Yakobo akaja amejipaka jivu uso mzima. Akasema Masalu amekufa na madeni ya matusi, kwa hiyo anakwenda kumnyang'anya mpini wake, na mrithi wa kazi aje aukomboe kwa jogoo. Akachota jivu hapo mafigani na kibuyu kilichovunjika, eti ataviacha kule viwe alama. Akaniomba ufunguo. Nikampa. Nilicheka, mwanangu. Tangu afe Masalu, hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka."

Koplo Nkwabi alijipiga paji la uso, na kofi hilo likasikika mpaka kwa ng'ombe. "Utani! Jivu la msibani, kibuyu kilichovunjika! Na mimi Msukuma mzima nikasema mganga!"

"Umekulia mjini, Igoma," Inspekta alimfariji. Mwenyewe alikuwa anapambana na kicheko. Kwao Shirati mtu akichukua kitu cha marehemu kwa mzaha, patakuwa na msiba wa pili. Lakini alishaona misiba ya kutosha Usukumani kujua kwamba mtani ana haki yake, na kwamba kazi yake ni kuzuia machozi yasizidi kiasi. Kicheko kikamwisha alipokumbuka ile miguu peku ya Obedi. Hapakuwa na namna nyingine ila kusema.

"Mama, Obedi hakukataa kazi. Yuko mahabusu. Wanadhani yeye ndiye aliyeuiba."

Wanawake wa ukoo wakashika vinywa. Mama Kija hakushika kitu. Alisimama, choroko zote zikamwagika.

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

"Na hakuna aliyekuja kuniuliza? Mimi nimefiwa, sijawa bubu!"

"Walikuonea huruma, mama. Na Obedi mwenyewe alituomba tusikuambie."

Mama Kija akajifunga khanga upya kiunoni. Kisha akamwita mmoja wa wale wanawake. "Nikamatie jogoo. Yule mwekundu, mkorofi."

Mzee Yakobo Chilongani walimkuta Nyakato, barazani kwake, mbele ya nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga alipostaafu ufundi wa reli. Alikuwa na ndevu nyeupe na ovaroli la kazini lililopauka. Kando yake, juu ya stuli, mpini wa winchi ulikuwa umelazwa na kufunikwa khanga kama mgonjwa.

"Hatimaye!" akapaza sauti alipomwona Mama Kija na jogoo. "Nimekaa hapa kama mtunza maiti. Nikaanza kudhani Masalu hakuwa na watu, nimetaniana miaka yote na mtu aliyeokotwa." Kisha akaona sare ya Nkwabi. "Na hawa? Msukuma akishindwa matusi siku hizi anakuja na askari?"

"Shikamoo, mzee," alisema Inspekta.

"Marahaba. Mpini sikupi."

"Ni kielelezo cha kesi, mzee. Naweza kuuchukua."

"Uchukue, na mimi unifunge. Lakini wewe si mtu wa Masalu. Ukiuchukua wewe, umechukuliwa tu. Haujakombolewa." Aliusema wimbo wake huu kwa kujifaragua, mkono kiunoni, mpaka Inspekta alipomweleza, kwa maneno machache, nani alikuwa amelala sakafuni kituoni, na kwa nini. Mkono ukateremka kiunoni. Yule mzee akaketi.

"Yule kijana mwembamba?"

"Huyo."

"Mungu wangu." Aligeukia mpini, akaivuta khanga ikae sawa, kisha akaivuta tena. "Mimi nilikuwa nacheza na Masalu."

Kisheria, Inspekta Amondi alikuwa amemaliza. Angebeba mpini, angerudi kituoni, angefunga faili. Obedi angetoka na kuambiwa pole, na mjini watu wangesema mpini ulipatikana baada ya polisi kumbana. Aliwaza hayo kwa muda wa kupangusa jasho. Kisha akachukua simu, akampigia Teodora aje kituoni kuondoa malalamiko, na akamwambia Nkwabi: "Nenda ukamlete Obedi. Umpe na viatu vyake."

Habari za Nyakato hazihitaji gazeti. Nkwabi aliporudi na Obedi na Teodora, mbele ya baraza kulikuwa na majirani, mafundi waliotoka kazini na vyombo mkononi, na mama muuza samaki aliyeacha karai lake likichemka peke yake. Obedi aliteremka garini, shati limekunjamana. Alipomwona Mama Kija alitazama chini. Mama huyo akamwendea moja kwa moja, akamtia jogoo mikononi bila neno.

Mzee Yakobo alikuwa ameshasimama na mpini. Alitia pozi, lakini sauti ilianza na mtetemo.

"Huyu ndiye mliyeniletea? Masalu alikuwa mtu bwana, akisimama mlangoni chumba kinaingia giza! Huyu akisimama mlangoni hata mbuzi anapita. Msukuma gani huyu asiye na shavu?"

Watu wakacheka. Obedi hakucheka. "Mimi si Msukuma, mzee. Ni Mkerewe."

"Basi huna utani na mimi, rudi na jogoo wako!"

"Leo ni Msukuma," alisema Mama Kija kwa sauti iliyofika kila mtu. "Amechimba kaburi la mume wangu kwa mikono yake. Amelisha msiba wangu kwa vyuma vyake. Nani mwenye neno?"

Hakukuwa na mwenye neno. Obedi alimgeukia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Inspekta aliona mabega yake yakishuka mahali yanapopaswa kukaa. Jogoo akapiga mbawa. Obedi akambana kwapani.

"Nimelala chini kwa ajili yako, mzee," alisema polepole.

"Najua, mwanangu," alisema Yakobo, naye hakuwa anatania. "Nisamehe."

"Mtani haombi msamaha." Sauti ya Obedi ilikuwa imeanza kuchangamka kwa mbali. "Nakushangaa tu. Kwenu Dodoma maji mnayasikia redioni. Reli imekubeba bure mpaka kando ya ziwa, ziwa zima limejaa sato, na wewe katika kutazama kote ukaona cha kuiba ni chuma!"

Baraza likalipuka. Mama muuza samaki alimwegemea Teodora kwa kucheka, na Teodora, pamoja na shahada zake, akamwegemea yeye. Nkwabi alifuta machozi kwa kofia ya serikali. Yakobo mwenyewe alicheka mpaka akajishika ukuta, na Mama Kija akacheka huku analia, bila kutenganisha kipi ni kipi. Inspekta Amondi alisimama kando akiwatazama, akafurahi kabisa, furaha ya mtu aliyelipwa mshahara halali.

Kicheko kilipotulia, Yakobo akampokea jogoo na kumnyooshea Obedi mpini. Obedi akaushika. Yule mzee hakuuachia. Wakabaki wameushika wote wawili, mmoja huku, mwingine kule.

"Masalu ndiye alikuwa aje kwangu," alisema, chini chini, kama maneno hayo hayakuwahusu wengine. "Tulikubaliana. Akitangulia yeye, mimi namnyang'anya. Nikitangulia mimi, ananinyang'anya yeye. Sasa siku yangu ikifika, nani atakuja kuwachekesha watoto wangu?"

Obedi alimtazama uso kwa uso.

"Nitakuja mimi, mzee. Waambie wafuge jogoo mkubwa kuliko huyu."

Yakobo akauachia mpini.